Meza ya Mwisho

Wiki mbili tumeupiga deki uwanja wa Bawshar.
Mchanga haukubali. Ukifagiwa asubuhi,
adhuhuri umerudi kama mdai,
umekaa kitako mstari wa tano, mstari wa sita.
Rangi nyeupe bado mbichi, harufu yake yafika barabarani,
na bendera ishirini na mbili zimo makashani
zikimngoja Bi Ruqaya wa Sidab,
anayezirushia maji kwa mdomo
kabla ya kushusha pasi.
"Hii ya nani?"
Nyota nne, mwezi, mistari minne.
Tunatazamana. Tunapekua karatasi.

Bwana Mundhir wa ratiba anagawa kazi.
Misri, watu wanane. Saudia, kumi na wawili.
Moroko na Aljeria, wanaojua Kifaransa waje mbele.
Kwangu anasita. Anausoma ukoo wangu,
halafu ananitazama mdomo,
mdomo ule ule uliochekwa skuli
kwa herufi za kooni zinazoniponyoka.
"Wewe si wa Zanzibari? Chukua Komoro.
Meza ya mwisho, pale kwenye mafriji."

Nikaichukua.
Aliyezoea pembeni anajua upepo unapitia wapi.

Walifika saa nane usiku, watu watano,
na sanduku la viatu limebaki Doha.
Zaliata Mmadi, mita mia nane,
kandambili juu ya soksi, macho mekundu ya safari.
Juu ya lango tumeandika kwa taa: MARHABA.
Nikampa maji. Akasema, marahaba.
Nikadhani anasoma lango.
Akarudia, kiganja kifuani, marahaba,
nami nikajikuta nimeinamisha kichwa
kama mtoto aliyekwisha kuamkia,
maana kwetu neno hilo hungoja shikamoo
ndipo limtoke mkubwa.
La kukaribisha. La kushukuru. La kuitikia.
Tukasimama katikati yake kama watu mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenzake, tangulia.

Kesho yake mchana akagusa chuma cha uzio,
akaruka: "Moro!"
Moto, nikasema, nikacheka hadi nikakaa chini.
Bwana Mundhir akapita. "Kiarabu gani hicho?"
"Cha pwani," nikamjibu.

Viatu tulivipata meza ya Yemeni,
namba moja zaidi ya mguu wake.
Bi Ruqaya akachana kile kitambaa chake cha pasi,
akakisokomeza vidoleni, akamwambia kwa Kiarabu,
nikamgeuzia: nenda, havitakutoka.

Saa tatu usiku, milima ya kahawia imetuzunguka
na haimpigii makofi yeyote.
Mzunguko wa kwanza, yuko wa nne.
Nikapiga kelele kwa lugha ambayo
nje ya nyumba yetu huwa naizungumza kwa mnong'ono:
Kaza! Kaza mwanangu! Usitazame nyuma!
(Mwanangu! Tumezidiana miaka miwili.)
Jukwaa la wageni wa heshima likageuka.
Mzunguko wa pili viatu vikakumbuka si vyake.

Wa saba, kati ya wanane.
Ubao ukalikosea jina lake.
Nikapanda ngazi mbio hadi chumba cha mitambo,
nikawaandikia kiganjani kwangu, herufi kwa herufi,
na kwa sekunde sita hivi
Mmadi likawaka sawasawa juu ya Bawshar.
Alikuwa ameinama, anafungua kamba. Sijui kama aliona.

Nyumbani Al Khudh, usiku wa manane, bibi yu macho,
televisheni imezimwa sauti.
"Shikamoo."
"Marahaba. Nimekuona. Kinywa wazi kama mlango wa ghala."
Akanisogezea birika.
"Na yule mtoto wa Kingazija?"
"Wa saba, bibi."
"Sikukuuliza hilo. Amekula?"